Kwa nini KN si jina jingine la kiima

Swali: “Nipo mwaka wa pili chuoni, nasomea ualimu wa Kiingereza. Kwenye jaribio la sintaksia tulipewa sentensi ‘The women sold the fish last night’. Swali la kwanza lilitaka tutaje dhima ya kila kirai, yaani kila fungu la maneno. Niliandika kwamba ‘the women’ ni KN (kirai nomino), ‘the fish’ ni KN na ‘last night’ ni KN, nikapata sifuri. Swali la pili lilitaka aina ya kila kirai, nikaandika kiima, yambwa, na yambwa ya pili. Sifuri tena. Sekondari nilikuwa nachora matawi ya kuchanganua sentensi vizuri tu. Nimesoma vitabu viwili: kimoja kinasema kirai kitenzi ni kitenzi pamoja na yambwa yake, kingine kinasema ni vitenzi peke yake. Rafiki yangu ananiambia nomino ya kwanza kwenye sentensi ndiyo kiima, nisijisumbue. Je, kuna njia ya kulielewa jambo hili, au nihamie fasihi?”

Jibu: Pole kwa sifuri mbili. Fasihi ukiipenda ihamie kwa kuipenda, lakini usiende huko kwa kuikimbia sintaksia, kwa maana hapo ulipo si mbali na jibu hata kidogo.

Nimeyasoma majibu yako mara tatu, na nataka uone ninachokiona mimi. Katika swali la kwanza hukukosea chochote kuhusu sentensi yenyewe. “The women” ni kirai nomino. “The fish” ni kirai nomino. Hata “last night”, ambayo wengi hukimbilia kuiita kirai kielezi kwa sababu inataja wakati, wewe umeiona vizuri: kichwa chake ni nomino “night”, na “last” inaifafanua, basi ni KN. Ulichokosea ni swali. Uliulizwa kila kirai kinafanya kazi gani, ukajibu kirai hicho ni kitu gani. Kwenye swali la pili ukageuza: uliulizwa ni kitu gani, ukajibu kinafanya kazi gani. Kosa ni moja, ila limekuadhibu mara mbili. Ukiacha hilo, limebaki kosa dogo la “yambwa ya pili”, ambalo nitalirudia.

Chukua kanga. Ikiwa imekunjwa kabatini ni kanga. Mama akimfungia mtoto mgongoni, tunaiita mbeleko. Akiizungusha na kuiweka kichwani chini ya ndoo ya maji, tunaiita kata, na wengine husema ngata. Nguo haijabadilika hata uzi mmoja. Mtu akiuliza “hii ni nguo gani?”, jibu ni kanga wakati wote. Akiuliza “hapa inafanya kazi gani?”, jibu linategemea ameiona wapi. Na mbeleko si lazima iwe kanga: kitenge kinafaa, shuka nayo inafaa. Kwa hiyo nguo moja ina kazi nyingi, na kazi moja inaweza kufanywa na nguo nyingi. KN ni jina la nguo. Kiima ni jina la kazi.

Tazama nguo moja, “the women”, ikipewa kazi nne. Katika “The women laughed” ni kiima. Katika “We greeted the women” ni yambwa ya kitenzi. Katika “We walked with the women” ni kijalizo cha kihusishi “with”, yaani kinakikamilisha. Katika “The winners were the women” ni kijalizo cha kiima, kwa maana kinatuambia kiima ni nani. Sasa geuza upande wa pili, utazame kazi moja, ya kiima, ikifanywa na nguo tofauti. “The news surprised us”: kiima ni kirai nomino. “That she came surprised us”: kiima ni kishazi kizima, “that she came”. “Under the bed is a bad place for money”: kiima ni kirai kihusishi, “under the bed”. Mtu aliyezoea kwamba KN na kiima ni kitu kimoja atakwama kwenye hizi mbili za mwisho, na atakwama akiwa amesoma kwa bidii.

Kuna kipimo kimoja kidogo ninachowapa wanafunzi. Andika maneno “the women” peke yake kwenye karatasi tupu, kisha jiulize unachoweza kusema juu yake. Unaweza kusema ni kirai nomino, kwa kuwa unakiona kichwa, “women”, na kibainishi chake, “the”. Huwezi kusema ni kiima. Kiima cha nini? Ni kama kumwona mwanamke barabarani ukasema “yule ni shangazi”. Shangazi wa nani? Umwanamke wake anatembea nao popote. Ushangazi unamhitaji mtu wa pili. Dhima zote za kisarufi ziko hivyo: kiima cha sentensi fulani, yambwa ya kitenzi fulani, kijalizo cha kihusishi fulani. Ukilazimisha neno “cha” au “ya” lifuate kila dhima unayoitaja, nusu ya makosa yako yatakwisha.

Sasa, kwa nini sekondari ulikuwa unafanya vizuri? Kwa sababu matawi ya shule yalikuwa yanakuficha. Tulifundishwa S (sentensi) inagawanyika kuwa KN upande wa kushoto na KT (kirai kitenzi) upande wa kulia, na sentensi zenyewe zilikuwa za aina ya “Mtoto mdogo anacheza mpira”. KN cha kwanza kilikuwa kiima kila mara, KT kilikuwa kiarifu, yaani kinachosemwa juu ya kiima, kila mara. Vitu viwili vikitembea pamoja miaka minne, akili inaviona kuwa kimoja. Lakini hata katika sentensi hiyo kulikuwa na KN cha pili, “mpira”, kilichojificha ndani ya KT, nacho hakikuwa kiima hata siku moja. Jibu lilikuwemo kwenye daftari lako la zamani.

Usijione mjinga kwa kuchanganya. Kanuni ile ya S kuwa KN na KT ilipata umaarufu kwa mwanaisimu Noam Chomsky mwaka 1957, na mwaka 1965 yeye mwenyewe alilazimika kueleza kwa kirefu kwamba “kiima” na “kirai nomino” ni maneno ya aina mbili tofauti: moja linataja uhusiano, jingine linataja aina. Pendekezo lake lilikuwa kwamba dhima isiandikwe ndani ya mti, bali isomwe kutokana na umbo la mti: kiima ni KN kinachoning'inia moja kwa moja chini ya S, yambwa ni KN kinachoning'inia moja kwa moja chini ya KT. Kwa Kiingereza njia hiyo inafanya kazi vizuri, na sababu yake inatuhusu sisi wazungumzaji wa Kiswahili moja kwa moja.

Kiingereza kinategemea nafasi. “The dog bit the man” na “The man bit the dog” zina maneno yaleyale, lakini ukihamisha vitu, aliyeuma anakuwa aliyeumwa. Sisi tuna viambishi. Naweza kusema “Simba aliwaona watoto”, au “Watoto, simba aliwaona”, au “Aliwaona watoto, simba huyo”, na hakuna atakayedhani watoto ndio walioona, kwa sababu “a-” inamfuata simba na “-wa-” inawafuata watoto. Jaribu hilo kwa Kiingereza: “the children the lion saw”. Msomaji haoni tena sentensi. Anaona kirai nomino kirefu, yaani “watoto ambao simba aliwaona”, na anasubiri uendelee. Mwaka 1987 wanaisimu Joan Bresnan na Sam Mchombo walionyesha kwa Kichewa, ndugu wa Kiswahili huko Malawi, kwamba kiambishi cha yambwa kikiwepo kwenye kitenzi, maneno yanaweza kupangwa karibu vyovyote bila dhima kupotea. Kwa lugha kama zetu, mtu anayesoma dhima kutoka kwenye nafasi peke yake atapotea mapema. Kwa hiyo unapoingia kwenye Kiingereza unahama kutoka lugha ambayo kitenzi kinakutajia kiima na yambwa, kwenda lugha inayokuachia uvitafute kwa vipimo.

Na vipimo vipo. Hapa ndipo kauli ya rafiki yako inapoanguka. Sogeza wakati uje mbele: “Last night the women sold the fish”. Nomino ya kwanza sasa ni “night”. Je, usiku ndio uliouza samaki? Mimi hupenda kuongeza mkia wa swali mwishoni: “Last night the women sold the fish, didn't they?” Hakuna asemaye “didn't it?” Neno “they” limeruka “last night” na kwenda moja kwa moja kwa “the women”. Hicho ndicho kiima. Kipimo cha pili, badili kirai kwa kiwakilishi: kiima kinachukua “they, he, she, I, we”, siyo “them, him, her, me, us”. Cha tatu, tazama kitenzi kinapatana na nani. “On the wall hangs a clock”, lakini “On the wall hang two clocks”: kitenzi kimebadilika kwa sababu ya saa zilizo mwishoni, ukuta ulio mwanzoni hauna habari. Cha nne, geuza iwe swali, uone kitenzi kisaidizi kinaruka nini: “Did the women sell the fish?”

Mara chache vipimo hugombana. “There are two goats in the garden, aren't there?” Mkia unaichagua “there”, kitenzi kinapatana na “two goats”. Wachanganuzi wengi leo huihesabu “there” kuwa kiima, nami niko upande wao, lakini ukikutana na kitabu kinachosema vingine usidhani kimekosea chapa.

Upatanisho unanileta kwenye kosa ambalo utalikuta kila wiki utakapoanza kusahihisha madaftari: “The box of mangoes have fallen”. Mwanafunzi ameiona “mangoes” jirani na kitenzi akapatanisha na jirani. Mwanafunzi huyohuyo kwa Kiswahili hawezi kusema “Sanduku la maembe yameanguka”. Atasema “limeanguka” bila kufikiri, maana anajua kilichoanguka ni sanduku. Kiima ni kirai kizima, “the box of mangoes”, na kinachoamua umbo la kitenzi ni kichwa cha kirai hicho, “box”. “Of mangoes” ni kirai kihusishi kilichomo ndani ya KN. Hapa muundo wa virai si mapambo ya mtihani. Usipojua kirai kinaanzia wapi na kuishia wapi, huwezi kujua kitenzi kivae nini. Utakapofundisha, anza na sanduku la Kiswahili, kisha uvuke.

Kujua kirai kinaishia wapi nako kuna vipimo vyake, na nitakuonyesha kwa sentensi mbili zinazofanana kama mapacha: “The driver turned off the road” na “The driver turned off the radio”. Kwa macho, mpangilio ni uleule. Sasa weka kiwakilishi. Redio: “He turned it off”. Barabara: “He turned off it”, haipendezi sana lakini inasemeka, wakati “He turned it off” haiwezi kamwe kuwa na maana ya kuiacha barabara. Jaribu kuhamisha neno: “turned the radio off” ni sawa, “turned the road off” ni kichekesho. Maana yake, kwenye sentensi ya barabara maneno “off the road” yanashikana kuwa kirai kihusishi kimoja, na dereva ameiacha njia. Kwenye sentensi ya redio “off” imeshikana na “turned”, na “the radio” ni KN kinachosimama peke yake, yambwa ya “turned off”. Macho yanaona maneno yamepangwa mstari mmoja. Vipimo vinaonyesha mafungu. Ndiyo maana nakuomba usichore mti wowote kabla ya kubadili, kuhamisha, na kuuliza kama fungu hilo linaweza kusimama peke yake kama jibu.

Turudi kwenye “last night” na kosa lako la kweli. Uliiita yambwa ya pili kwa sababu ni KN kilichokuja baada ya yambwa. Yambwa ya Kiingereza kwa kawaida inakubali kuwa kiima cha sentensi ya kutendwa: “The fish was sold”. Huwezi kusema “Last night was sold the fish”. Yambwa inabadilishwa kwa “it” au “them”. “Last night” inabadilishwa kwa “then”. Na ukiiondoa, “The women sold the fish” inabaki imetimia. Basi ni chagizo, yaani fungu la nyongeza linaloeleza lini, wapi au vipi: KN kwa umbo, chagizo kwa kazi. Ukipiga mstari katikati ya karatasi, kushoto ukaandika “ni nini” na kulia “ni nini cha nani”, sentensi ya jaribio inatoka hivi: “the women”, KN, kiima cha sentensi; “the fish”, KN, yambwa ya “sold”; “last night”, KN, chagizo la “sold the fish”. Kushoto zote tatu ni sawa, kulia hakuna hata moja inayofanana na nyingine. Bila shaka mwalimu wako aliichagua sentensi hiyo kwa makusudi.

Yambwa mbili za kweli utazikuta kwenye “The teacher gave the girl a book”. Kiswahili kinakuonyesha tofauti yake vizuri: “Mwalimu alimpa msichana kitabu”, na “-m-” inamtambua msichana. Unaweza kusema “Msichana alipewa kitabu”, lakini “Kitabu kilipewa msichana” haikubaliki. Kiingereza kinaelekea hukohuko: “The girl was given a book” ni sawa kabisa, “A book was given the girl” wengi wanaikataa. Ugumu unakuja ukisema “gave a book to the girl”. Kwa umbo, “to the girl” ni kirai kihusishi, hilo halina mjadala. Kwa dhima, mapokeo ya zamani bado yanaiita yambwa tendewa, ile ya anayepokea, kwa sababu maana haijabadilika. Wachanganuzi wengi wa sasa wanasema hapana, ni kijalizo kilicho kirai kihusishi, maana haiwezi kupanda kuwa kiima ikiwa imevaa “to”. Mimi nafuata hawa wa pili, kwa sababu dhima inatokana na tabia ya kirai kwenye sentensi, siyo maana peke yake. Kwenye mtihani, hata hivyo, fuata istilahi ya kozi yako.

Chagizo nalo usilipime kwa macho. “She sang on the stage” na “She put the pot on the stove” zote zina kirai kihusishi mwishoni. Ondoa cha kwanza, “She sang” inatosha. Ondoa cha pili, “She put the pot”, msikilizaji anakutazama akisubiri. “Put” inadai mahali kama “weka” inavyodai: “Aliweka chungu” wapi? Cha kwanza ni chagizo, cha pili ni kijalizo cha kitenzi. Ukitaka uhakika tumia “did so”: “Asha sang on the stage and Rehema did so in the kitchen” inasemeka, “Asha put the pot on the stove and Rehema did so on the floor” haisemeki, kwa kuwa “did so” imekwisha kumeza kijalizo pamoja na kitenzi.

Kuhusu vitabu vyako viwili, vyote viko sawa, kila kimoja ndani ya mapokeo yake. Wanaomfuata Chomsky huita KT fungu lote la kitenzi na vijalizo vyake: “sold the fish”. Mapokeo ya sarufi kubwa za Uingereza za mwanaisimu Randolph Quirk na wenzake, ile ya mwaka 1985 hasa, huita hivyo vitenzi tu: “sold”, au “has been selling”. Neno moja, vitu viwili. Ukichota nusu hapa na nusu pale utaandika jibu ambalo hakuna msahihishaji atakayelikubali. Binafsi naona fungu kubwa lina ushahidi zaidi, maana “did so” hiyohiyo inalichukua zima: “The women sold the fish and the men did so too”. Kijalizo nacho kina shida hiyohiyo: kwa kina Quirk ni kile cha “My aunt is a teacher” tu na ndugu zake, kwa wengine ni chochote ambacho kichwa cha kirai kinakidai.

Haya yote unaweza kuyafanyia mazoezi peke yako kwa wiki mbili, sentensi tano kwa siku, ukitumia safu zako mbili. Lakini kuna mahali ambapo kusoma hakutoshi. Ukiona vipimo vinakushinda kwa sababu hujui kama Waingereza wanasema hivi au hawasemi, tatizo si sintaksia, ni uzoefu wa lugha. Tafuta darasa la stadi za Kiingereza chuoni au mtu anayekizungumza kila siku, ukae naye umsomee sentensi. Ukiona unaelewa ukisoma lakini mti unavurugika mkononi, kaa na mwenzako mmoja, mchore kwenye karatasi moja kwa zamu, kila mmoja akimdai mwenzake “kiima cha nini?” kwa kila tawi. Na kwa vyovyote vile nenda ofisini kwa mhadhiri wako kabla ya jaribio lijalo. Nenda na karatasi yako ileile yenye sifuri mbili, na swali lako la kwanza liwe hili: katika kozi hii, “the fish” iko ndani ya KT au nje yake?